Hita ya Mama Mkwe

Jumapili, 31 Mei 2015

Mama amewasili salama kutoka Bungoma. Nimeazimia kuandika majira haya yote ya baridi, kwa Kiswahili kilichopangika, kwa kuwa aliyehitimu shahada ya takwimu na asiyeweza kuyapanga mawazo yake mwenyewe hana haki ya kupanga tarakimu za wengine.

Dada yangu Nafula anatarajia kujifungua mwishoni mwa Julai. Mtoto huyu ndiye mjukuu wa kwanza wa Mama, naye amekuja kwa jambo moja tu: kumwogesha kwa mikono yake atakapotolewa hospitalini, kama bibi yetu alivyomwogesha Nafula na kisha mimi. Amekuja hata na beseni, la plastiki, la buluu, kana kwamba Johannesburg haina mabeseni.

Tulikuwa tumekipaka rangi chumba cha wageni. Mama alisimama mlangoni, akakitazama kitanda, kisha akauliza, "Ng'ambo ya ukuta huu kuna nini?"

"Chumba chetu, Mama," Nafula akajibu.

Mama alirudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Kwetu, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Haoni kitanda cha mkwewe, wala mkwe haoni chake. Hawapeani mikono, na wakiwa na la kuambiana huliambia mtu wa tatu. Tulidhani umbali wa safari ungeilegeza sheria hiyo kidogo.

"Kile kijumba cha uani ni cha nani?"

"Ni gereji, Mama. Ni ya gari."

"Gari halikuoa kwangu. Litoeni."

Jumatatu, 1 Juni

Shemeji Masika, mume wa Nafula, hawezi tena kuingia gereji yake, maana kitanda cha Mama kiko humo. Kwa hiyo kazi nimepewa mimi. "Lois, wewe ndiwe mtaalamu wetu," aliniambia wakati wa chai. "Chagua hita ya umeme. Nataka pendekezo la maandishi, lenye sababu."

Shemeji ni meneja katika benki moja hapa mjini na ameahidi kulitaja jina langu kwa wanaoajiri wahitimu. Nilielewa mara moja kwamba pendekezo hilo halitakuwa la hita peke yake.

Mama alitaka jiko la makaa. Nilimkatalia kwa heshima zote. Gereji haina dirisha, hewa ya makaa huua bila kubisha hodi, na kifua chake kina pumu tangu nikiwa mdogo.

Jumatano, 3 Juni

Baridi. Maji ya bomba la uani yameganda.

Jumamosi, 6 Juni

Leo tulipima gereji, nami nikajua upimaji unavyokwenda pale ambapo mwenye ujuzi haruhusiwi kuingia. Shemeji alisimama kwenye nyasi akiupa mlango mgongo. Mama alikuwa ndani, kwenye kigoda. Wangeweza kunong'onezana na kusikiana. Mimi nilisimama mlangoni.

"Lois, mwulize Mama mlango unaacha nafasi gani chini."

"Mama, Shemeji anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie mwenye boma, nafasi ya panya kupita akiwa amebeba gunzi la mahindi."

"Shemeji, Mama anasema..."

"Nimesikia." Mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko. "Mwambie nitaleta ubao wa kuziba. Huyo panya aache mahindi yetu."

"Mwambie ni mahindi ya Bungoma. Hayaachwi."

Nilijiona kama waya wa simu, na nakiri kwamba nilijivunia cheo hicho.

Alasiri nilinunua hita ya feni.

Jumatatu, 8 Juni

Hita ya feni imeshindwa. Inatimua vumbi ambalo gereji hii imelihifadhi tangu ijengwe, na Mama amekohoa mpaka machozi yakamtoka. "Inanihemea usoni kama ng'ombe aliyepanda kilima," alisema. Nimeirudisha dukani. Katika pendekezo nimeongeza sehemu juu ya vumbi.

Jumanne, 16 Juni

Sikukuu. Nimejaribu hita ya pili, ya vijiti vinavyowaka vyekundu. Inachoma magoti na kuusahau mgongo. Joto linalobaki hupanda moja kwa moja kwenye mabati na kwenda kuwapasha ndege. Tulikuwa tumeketi mbele yake, mimi na Mama, wakati zamu yetu ya mgao wa umeme ilipofika na mtaa wetu wote wa Observatory ukazimika, nyumba baada ya nyumba, mpaka juu mlimani.

"Nchi yenu tajiri hii," Mama alisema gizani, "nayo hulala giza kama sisi?"

Baadaye tulisikia mtu akisafisha koo nje. Nilipofungua mlango, Shemeji alikuwa amekwisha kuondoka. Alikuwa ameacha chupa ya chai kwenye nyasi. Mama aliishika kwa mikono yote miwili, wala hakuinywa mpaka vidole vyake vilipopata moto.

Jumatano, 17 Juni

Baridi tu. Mama anakohoa.

Jumamosi, 20 Juni

Yote niliyosoma yanaelekeza kwenye hita ya mafuta, ile yenye mbavu za chuma zilizojaa mafuta ndani. Haina mlio, haipulizi, haitimui kitu. Maduka makubwa yameishiwa, kwa kuwa mji mzima umesoma niliyoyasoma. Nikaenda Malvern, Jules Street, kwa Théodore, Mkongomani wa Lubumbashi anayeuza vyombo vya umeme vilivyokwisha kutumika.

"Dada, hii ni muzuri sana. Ukiiwasha, mama atakuomba feni."

"Mbona inavuja mafuta?"

"Haivuji. Inatoka jasho. Hii inatumika, inafanya kazi, si kama wale vijana wako wa ofisi."

Sikuinunua. Nilikuwa nimefika kwenye robot, kama waitavyo hapa taa za barabarani, nyekundu ikiwaka, nikamsikia bado akinipigia kelele kutoka mlangoni mwake: "Eish, dada! Unachagua hita kama mutu anachagua bwana! Utabaki na baridi yako!"

Pendekezo langu limekamilika, isipokuwa kile kinachopendekezwa.

Jumapili, 21 Juni

Imekuwa chini ya pua yangu. Hita ya mafuta, nzuri, kimya, imo ndani ya nyumba hii: chumbani kwa Nafula. Shemeji yuko Cape Town kikazi wiki nzima, na Nafula, kwa joto la ujauzito, hulala dirisha wazi. "Ichukue," aliniambia. "Mimi mwenyewe ni jiko."

Nimeisukuma uani kwa magurudumu yake madogo kama anayempeleka mgonjwa.

Alhamisi, 25 Juni

Mama analala. Kikohozi kimepungua hadi karibu kwisha. Leo asubuhi nilimkuta akilipangusa beseni lake kwa kitambaa, akiimba polepole. Nimemaliza pendekezo na kuliweka juu ya meza ya Shemeji. Nimelisoma tena na tena, wala sioni pa kusahihisha.

Jumamosi, 27 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi nilimkuta Mama amekaa nje kwenye jua, kijiti mkononi. Kwenye ncha ya kijiti ilining'inia soksi ya kiume, ya kijivu, iliyokauka ikawa ngumu kama samaki wa kukaangwa.

"Ilikuwa katikati ya mbavu za hita," alisema. "Ni ya nani?"

"Labda ya fundi, Mama."

"Fundi gani hukausha soksi kwa watu?" Hakunitazama. Aliitazama soksi. "Lois. Hita hii ilikuwa inakaa wapi kabla ya kuja kwangu?"

Sikuweza kumdanganya mara ya pili.

Kwa jirani mbwa alikuwa akibweka, akaacha, akaanza tena.

"Nimelala katika joto la chumba chao," alisema hatimaye. "Wiki nzima. Nikiamka namshukuru Mungu."

Nilijaribu kumweleza. Nilisema chuma hakina kumbukumbu. Nilisema joto halitoki chumbani, linatoka kwenye umeme, na umeme unatoka mbali sana, kwenye mitambo isiyomjua yeyote kati yetu. Nilizungumza vizuri. Nadhani sijawahi kuzungumza vizuri zaidi ya hapo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Chuma hakina kumbukumbu," alisema. "Na wewe? Ulikulia nyumba gani? Uliwahi kumwona baba yako akitia mguu anapolala bibi yako? Akiazima hata kikombe cha kitandani kwake?"

"Hapana, Mama."

"Mwenye boma hana kosa. Hakujua. Mimi sina kosa, sikujua. Katika uwanja huu aliyejua ni mmoja."

Sikumtaja Nafula. Laiti angenifokea. Aliinuka, akaisukuma hita kwa kijiti kile kile, bila kuigusa kwa mkono, mpaka ikafika katikati ya nyasi. Nilipotaka kumletea tena ile ya vijiti vyekundu alikataa. Alisema aibu haifukuzwi kwa hita nyingine, inaachwa ipoe.

Usiku huu ni baridi kuliko zote zilizotangulia.

Jumapili, 28 Juni

Shemeji amerudi. Juu ya meza yake alikuta pendekezo langu, na nje kwenye nyasi akakuta hita ya chumbani kwake, mbavu zimeota jalidi nyeupe. Akavisoma vyote viwili.

"Lois, hili limeandikwa vizuri sana," alisema.

Kisha akaketi na koti lake bila kulivua. Sijawahi kupewa sifa iliyoniuma hivyo.

Ijumaa, 3 Julai

Homa. Tulimpeleka Mama kwa daktari akiwa amejifunika blanketi mbili. Nafula aliendesha gari, tumbo likigusa usukani, maana Mama hawezi kuketi katika gari moja na mkwewe. Shemeji alibaki mlangoni akitutazama tukiteremka kilima.

Maambukizi ya kifua. Daktari, mwanamke mpole, aliandika dawa, kisha akauliza kama kuna mtoto mdogo nyumbani.

"Anakuja," Nafula akajibu.

"Basi bibi asimkaribie mtoto mpaka kikohozi kiishe kabisa na mimi nimwone tena. Hata kumbeba. Mapafu ya mtoto mchanga si ya kujaribia."

Nilimtafsiria Mama. Nilitafuta namna laini ya kulisema, lakini haikuwapo. Mama aliitikia kwa kichwa kama anayeelekezwa njia. Tulipofika nyumbani aliligeuza beseni, akaliweka kifudifudi chini ya kitanda.

Jumamosi, 4 Julai

Shemeji ametoka alfajiri na kurudi na hita mpya ya mafuta. Sijui amezunguka maduka mangapi. Ameiweka mlangoni pa gereji ikiwa ndani ya boksi, akasafisha koo, akaondoka.

Mama alilichunguza boksi pande zote.

"Haijafunguliwa?"

"Haijafunguliwa, Mama. Tazama utepe."

"Haikuingia ndani ya nyumba?"

"Haikuingia. Imetoka dukani mpaka hapa."

"Imebebwa na nini?"

"Na gari."

Alifikiri. Nilidhani nimeona pembe ya mdomo wake ikisogea. "Gari halikuoa kwangu," alisema. "Iingize."

Jumanne, 7 Julai

Hita mpya ni nzuri. Lakini hita ya gereji na ile ya chumbani zikiwaka pamoja, na tangi la maji ya moto likichemsha, swichi kuu hujikata na boma lote huzimika. Fundi amekuja. Waya wa gereji ni wa zamani na umeungwa kwenye ule wa nyumba. Laini mpya inahitaji idhini, na idhini inahitaji kusubiri. Alipoulizwa kusubiri hadi lini, alilitazama paa.

Nimetunga ratiba ya matumizi na kuibandika jikoni.

Jumatano, 15 Julai

Benki imemchagua mwingine. Shemeji aliniambia akiwa amesimama, funguo mkononi. Nilimshukuru.

Jumamosi, 18 Julai

Swichi imejikata wakati wa chakula. Mama anakohoa.

Jumatano, 29 Julai

Msichana! Amepewa jina la Nekesa, kwa kuwa kule nyumbani huanza mavuno, ingawa huku nyasi zimeungua kwa jalidi. Mama alipiga vigelegele peke yake gereji, vigelegele vikakatwa na kikohozi, akavianza upya.

Jumamosi, 1 Agosti

Wamerudi kutoka hospitali. Mama alisimama mlangoni pa gereji, leso imeziba mdomo. Nafula alisimama mlango wa jikoni, akalifungua blanketi kidogo upande wa uso. Walitazamana hivyo kuvuka uwanja. Mama hakusogea hata hatua.

"Ana paji la baba yenu," alisema nyuma ya leso.

Mtoto nilimwogesha mimi, kwa maelekezo aliyonipigia kelele kutoka ng'ambo ya uwanja. Shingo yake nusura initeleze mikononi. Nilitumia beseni la dukani.

Jumapili, 9 Agosti

Tangu mtoto aje nyumbani swichi kuu haijajikata hata mara moja. Ratiba yangu hatimaye inafuatwa. Nilimwonyesha Shemeji, naye akanipongeza.

Jumatatu, 10 Agosti

Sikukuu nyingine. Nilimpelekea Mama uji, nikaweka mkono juu ya hita ili kuupasha. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Mama, hita imezima."

"Haikuzima. Nimeizima."

"Tangu lini?"

Alikunywa uji. Pumzi yake ilikuwa ikipiga filimbi.

"Mtoto hawezi kuvaa koti juu ya koti," alisema. "Mimi naweza."

"Lakini usipopata joto kikohozi hakitaisha! Na kisipoisha hutamshika! Tiketi yako ni ya tarehe ishirini na tatu, na viza..."

"Hesabu hiyo naijua, Lois. Sikwenda chuo kikuu kuijua."

Niliketi kwenye kitanda chake. Joto likienda kwa mtoto, bibi hatapona na hatamshika mtoto. Joto likija kwa bibi, chumba cha mtoto kitapoa. Nilitafuta njia ya tatu kama nilivyofundishwa kutafuta, nikitazama mabati, mlango, ubao wa Shemeji uliozibia njia ya panya. Sikuiona. Mama alikuwa ameona mapema kuliko mimi kwamba haipo, akachagua, wala hakumwambia mtu. Na mimi nikapongezwa kwa ratiba.

Nilimweleza Shemeji. Aliing'oa ratiba ukutani, akaikunja vizuri, akanirudishia.

Jumanne, 11 Agosti

Shemeji amezima tangi la maji ya moto, oveni, na kila taa isiyo ya lazima. Tunapika kwa gesi. Hita zote mbili zinawaka. Alfajiri, mimi na Mama tukiwa gereji, tulisikia kutoka bafuni mlio wa mtu anayehema na kupiga miguu.

"Mwenye boma anaimba?" Mama aliniuliza.

"Anaoga maji baridi, Mama. Ili hita yako iwake."

Alitazama hita, akatazama ukuta.

"Mwambie ajikaushe vizuri kifua," alisema.

Nilipomfikishia, Shemeji aliacha kufunga tai. "Alisema hivyo?" Akaniomba nirudie.

Jumamosi, 15 Agosti

Kikohozi kinapungua. Nasita kuliandika hili.

Jumatano, 19 Agosti

Daktari bado anasikia kitu upande wa kushoto. Turudi Ijumaa.

Ijumaa, 21 Agosti

Ameruhusiwa! Mama anaondoka keshokutwa. Siku moja, basi. Amelitoa beseni chini ya kitanda na kulipangusa, ingawa halikuwa na vumbi.

Jumamosi, 22 Agosti

Mama alitaka kumwogesha Nekesa gereji, mlango umefungwa, ili joto lisitoke. Jiko la nyumba hii linatazama kusini, na kwa kuwa huku jua hupita kaskazini, halilijui. Lakini gesi iliisha asubuhi hiyo hiyo. Maji yangechemshwa kwa birika la umeme, humo humo gereji, hita ikiwa inawaka, kwenye waya ule wa zamani. Tulijua swichi ingejikata. Shemeji alikwenda kusimama mbele ya ubao wa umeme, kwenye ukuta wa nje wa nyumba, mkono umekaa tayari. Ndani walikuwamo Mama, Nafula na mtoto. Mimi niliwekwa katikati ya nyasi, taulo la mtoto mkononi, ili nipeleke maneno.

Swichi ilijikata papo hapo, Shemeji akairudisha.

"Lois, mwulize Mama kama imewaka."

"Mama, Shemeji anauliza kama imewaka!"

"Mwambie imewaka!"

"Shemeji, anasema imewaka!"

Nilisikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Nilisikia Mama akizungumza kwa Lubukusu, lugha ya kwetu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mdogo mno kukumbuka kwamba niliwahi kuisikia. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Kisha swichi ikajikata tena, na gereji isiyo na dirisha ikawa giza tupu, na mtoto, uchi, majini, akapiga ukelele uliofika barabarani.

Nilifungua mdomo. Sikuwahi.

"Baba Nekesa!" Mama aliita. Sauti yake ilipita juu yangu. "Baba Nekesa, washa! Mtoto ana baridi!"

Shemeji aligeuka, akaukabili mlango wa gereji ambao tangu Mei alikuwa akiupa mgongo. Kisha akaisukuma swichi juu.

"Imewaka, Mama?"

"Imewaka, mwanangu. Ishikilie hapo hapo."

"Nimeishika, Mama."

"Usiiache."

"Siiachi."

Aliishikilia kwa mikono miwili, paji la uso limegusa ubao, ingawa swichi ya namna ile haihitaji kushikiliwa. Ndani maji yaliendelea kumiminwa taratibu, kiganja kwa kiganja, bila haraka. Nami nilikuwa nimesimama uani katikati yao, taulo mkononi, sina neno la kubeba.